Pipa la Bwana Stoo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali sita, mbele ya kinyozi, na kila asubuhi hubeba makalio yale yale. Kulia hukaa Fundi Saa, mjuzi wa mambo yote isipokuwa sasa hivi ni saa ngapi. Katikati ni Kinyozi, anayenyanyuka mteja akija na kurudi bila kupoteza uzi wa maneno. Kushoto, karibu na birika la Mama Kahawa, hukaa Bwana Stoo, mstaafu aliyetunza ghala la nafaka miaka thelathini bila kupoteza gunia kwa mdudu. Hilo la gunia hulisema mwenyewe, na halisemi mara moja.

Jumamosi ile alikuja na bomba lake la kupulizia dawa begani, akalisukuma chini ya benchi, akaagiza kahawa na asiinywe. Miezi minne alikuwa akilea pipa la mboji nyuma ya nyumba, na leo ndiyo siku aliyomwahidi mkewe kulifungua. Miche ya bilinganya ilikuwa imeshaanza kuwa njano ndani ya makopo, mlangoni pa jiko. Mkewe hakugomba. Alisema tu kwamba mboji isipopatikana leo, pipa linatoka na pale anaweka banda la kuku. Tangu astaafu, Bwana Stoo hakuwa na kazi nyingine zaidi ya lile pipa. Alikuwa na hofu, ingawa uso aliukaza kama kawaida yake.

— Nimefunua alfajiri, alisema. Ganda la ndizi nililotia siku ya kwanza bado ni ganda la ndizi.

— Na wadudu? Kinyozi akauliza.

— Hata mmoja.

Wakampa hongera, maana vita ile walipigana wote. Inzi walipoanza, Kinyozi ndiye aliyesema itiwe chumvi. Funza walipotokea, Fundi Saa akatoa dawa ya kunguni iliyobaki kwake. Sisimizi na mende wakamalizwa na bomba, kila asubuhi, kwa utaratibu wa ghala: kagua, pulizia, kausha, funika.

— Basi shida ni ndizi, Fundi Saa akasema. Ndizi za siku hizi hazina haya. Zamani ukiipa mgongo tu, imeoza. Siku hizi inakutazama. Ndiyo maana wakasema samaki mkunje angali mbichi.

Kinyozi alitaka kujua samaki ameingiaje humo, akaambiwa asikatize. Yeye alishuku pipa. Lilikuwa la nini kabla?

— La sabuni, Bwana Stoo akajibu.

— Hapo sasa. Kitu kinachokaa kwenye sabuni kitaozaje? Hujaona watu wanaooga sana wanavyochelewa kuzeeka?

Fundi Saa akalipuuza hilo, akapanda juu zaidi. Alieleza kwa kirefu kwamba kuoza ni muda, na muda ndiyo kazi yake. Pipa lililofungwa barabara muda hauingii. Ule mwezi wa kwanza umo humo mpaka leo, haujui kama wenzake walishapita.

— Litoboe, muda uingie.

— Na ukitoka? Kinyozi akauliza.

Wakajadili ukubwa wa tundu. Bwana Stoo, mtu asiyekubali maneno ya vijiweni, aliuliza kwa dhati kabisa kama msumari wa inchi tatu utatosha. Mama Kahawa akakumbusha kwamba mwanzo wa yote walikuwa wale wadudu, lakini Kinyozi alimkata.

— Asiyekuwepo na lake halipo, mama. Hao tumeshawatoa.

Hapo akatokea bibi mmoja mwembamba, ndoo tupu mkononi. Alikuwa mama mkwe wa Bwana Stoo, mkulima wa siku zote, aliyefika jana kumtembelea bintiye. Wanaume watatu wakasimama, wakamwamkia. Aliitika, akawaambia wakae. Hakukaa mtu.

— Nimetumwa mboji, baba, alimwambia mkwewe. Nimelifunua pipa. Zile taka umezihifadhi vizuri sana.

Bwana Stoo alishukuru kabla hajaelewa.

— Sasa wale waliokuwa wanazila wako wapi?

Fundi Saa alitazama saa yake, ambayo ilikuwa imesimama tangu juzi. Kinyozi akakumbuka mteja, ingawa kiti kilikuwa kitupu. Mama Kahawa aliinamisha birika, yakatoka machicha ya kahawa, akayafunga kwenye karatasi na kumpa yule bibi akayatie pipani.

Aibu ilimshika Bwana Stoo, aibu ya mtu aliyefanya kazi kwa bidii mahali pasipo pake. Ghalani mdudu alikuwa mwizi. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali mdudu huyo huyo ameajiriwa.

— Binti yangu nimemwambia kuku wasubiri, bibi akasema. Twende tukainue yale mawe ya chini ya bomba la maji. Huenda waliokukimbia hawajafika mbali.

Bwana Stoo akampokea ndoo, wakaondoka. Bomba la dawa lilibaki chini ya benchi. Kabla hawajapinda kona, benchi zima likamsikia akiuliza kwa sauti ya chini:

— Mama, hivi wao huwa wanapenda nini?