Nilimkataza Baba Mkwe Kufungua Sanduku la Mayai

Wapendwa, nawasalimu nyote, mlio mbele na ninyi wa nyuma mnaosinzia. Nimeambiwa nisimame niseme jinsi nyumba yangu ilivyopona. Nitasema ukweli, hata pale mtakapocheka.

Wengi mnanijua kwa baiskeli. Nilikuwa nabeba watu kutoka hapa Busia hadi upande wa Uganda na kurudi. Mwaka juzi, kwenye mteremko wa Mundika, lori likanisukuma nje ya barabara na mguu ukavunjika vibaya. Nikafungwa plasta hadi kiunoni, nikalazwa sebuleni kwangu kama gunia la mahindi.

Ndugu zangu, nawaambia, mwanamume aliyezoea kuleta sukari jioni, akikaa miezi anapokea chai kitandani, anaoza ndani. Nilikuwa mkali kwa watoto. Mke wangu aliuza mboga sokoni na haikutosha. Baba yake, mzee wa Adungosi, akatuma ujumbe kwamba hali ikibaki hivyo atakuja amchukue binti yake na wajukuu, wakale kwake. Hakusema kwa ubaya. Lakini mnajua mke akisharudi kwao na watoto, kumrudisha si mchezo.

Bwana mifugo mmoja, aliyekuwa abiria wangu, ndiye alinifundisha kutotoa vifaranga bila kuku. Fundi jirani akanitengenezea sanduku la mbao lenye mlango mdogo. Chini taa ya mafuta, juu mayai, kando bakuli la maji ili hewa isikauke. Mke wangu akakusanya mayai kwa wanawake wenye majogoo.

Akaniambia, "Baba watoto, haya yakitotolewa tutakuwa na kitu cha kuuza, nitamwambia baba aniache. Yakiharibika, mimi sina la kumwambia."

Basi nikawa kuku. Msicheke sana, mama pale. Niliyapiga alama ya makaa, nikawa nayageuza asubuhi, mchana na jioni. Joto nililipima kwa kuweka yai juu ya ukope wa jicho.

Shida ikawa wageni. Mgonjwa huletewa pole, na anayeleta pole humfungii mlango. Kila aliyekuja aliuliza, "Ni hili sanduku?" Nami, kwa kuwa ndilo jambo pekee nililokuwa nalo la kujivunia, nikafungua. Kwaya nzima ya kanisa ilichungulia.

Bwana mifugo alipokuja kuyamulika kwa tochi aone yaliyo hai, akaanza kuyatoa moja moja na kuyaweka chini. Yamekufa. Karibu nusu.

"Mzee, unafungua hii kitu kama duka," akasema. "Sasa sikiliza. Yakianza kutoboka, mlango usiguswe. Hewa ikikauka, ngozi ya ndani inamkaza kifaranga, anafia humo humo. Hata D.O. wa serikali akija, usifungue."

Nilimwangalia mke wangu. Akaenda kuokota yale yaliyokufa.

Wiki ya tatu ikafika. Asubuhi moja nikasikia mlio mwembamba ndani ya sanduku, halafu mwingine. Na saa hiyo hiyo nikasikia hodi. Ni baba mkwe, kavaa koti, amekuja kuchukua watu wake.

Akaketi, akanipa pole, akasikia ile sauti. "Ndiyo haya mayai?" Akainuka, akanyoosha mkono kwenye mlango.

Nikainua ule mguu wa plasta kwa mikono miwili nikauweka mbele ya sanduku. Mguu, mbele ya baba mkwe. Mke wangu alifunika uso.

"Baba," nikasema, "nisamehe. Leo hapana. Ukifungua watakufa, na wakifa mimi sina nyumba."

Jasho lilinitoka hadi ndani ya plasta. Mzee akachukua fimbo yake, akatoka. Nikajua basi, imekwisha. Mke wangu akaanza kukunja nguo za watoto.

Muda kidogo tukasikia wanakwaya nje, wamekuja tena kuona. Halafu sauti ya mzee, kali: "Hapana kuingia. Ndani kuna mzazi. Mtamwona akishajifungua salama."

Kumbe alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. Alikaa pale kutwa, akarudisha kila mtu, hata chakula akakataa. Mke wangu akaacha kukunja nguo. Mimi nikalia, na sioni haya kusema.

Jioni nikamwita mzee ndani. Tulipofungua, vifaranga walikuwa wamejaa, wengine bado wabichi, wanakanyagana. Wachache walishindwa kutoka. Mzee akachukua mmoja, akampuliza manyoya.

"Mama," akamwambia binti yake, "mimi narudi Adungosi. Huyu mtu wako ana familia ya kulisha."

Namshukuru bwana mifugo, na fundi ambaye hakutaka malipo, na kwaya, mliokubali kurudishwa njiani bila kununa. Namshukuru mzee yule kuliko wote. Ndugu zangu, ukiwa na kitu kinachoanza kuishi, usione haya kumwambia hata unayemheshimu, "ngoja kwanza." Anayekutakia mema atakaa nje akulindie mlango.

Nimemaliza. Mama watoto, simama kidogo watu wakuone. Huyu hapa. Hakwenda.