Baragumu na Vumbi la Saruji

Baba yetu, mliyemwita Baragumu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba, akaongoza nyimbo za shule. Jina alilipata huko: akiitikia darasani, mwalimu mkuu alimsikia ofisini.

Tarehe 2 Juni 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha saruji kufunga mifuko, akakaa humo miaka thelathini na miwili. Barakoa aliivaa siku za ukaguzi tu. Mtunza stoo aliwagawia wafungaji asubuhi hiyo kwa sahihi. Mkaguzi akishaondoka, zilirudishwa kabatini zisichakae. Mabwana wale wa kiwanda walitunza barakoa kuliko mapafu ya watu, wala hawakuona haya.

Alimwoa mama yetu mwaka 1991. Alimchumbia kwa kuimba kutoka mtaa wa pili, mpaka babu akasema, "Mpeni binti, tulale."

Kikohozi kilimwanza mwaka 2011. Miaka saba baadaye hakumaliza ubeti mmoja. Daktari wa kiwanda aliandika chanzo: sigara.

"Sigara gani?" mama aliuliza. "Huyu hata moshi wa jikoni anaukimbia."

"Mama, nyie wa mtaa wa chini mnavuta kwa siri."

"Basi anavuta usingizini, maana nalala naye mimi."

Daktari hakufuta neno. Mtaani kwetu, chini ya kiwanda, tumezika wafungaji tisa wa rika lake, wote wavutaji kwa mujibu wa bingwa huyo. Mameneja wanakaa kilimani, upande upepo unakotoka. Meneja wake, aliyezaliwa naye mwaka mmoja, hukimbia kila asubuhi kupunguza kitambi. Hongera zake.

Baba alifariki tarehe 17 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, ameketi kitini, kwa kuwa kulala kulimkaba.

Jana afisa utumishi wa kiwanda alileta shada kubwa na ahadi: mtoto wa pili wa marehemu achukue nafasi ya baba kuanzia Jumatatu, mradi wasifu huu utaje sigara. Hata msibani hawakuja mikono mitupu.

Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu sita. Huyo wa pili, kaka yangu, hana kazi na ana wawili wa kulisha. Nilimuuliza niandike nini.

"Andika vumbi, dada."

Baba yetu aliuawa na vumbi la saruji. Yeye apumzike kwa amani. Waliompa vumbi hilo wasipate usingizi.