Dawa Iliyobaki Kabatini

"Shule ifundishe kusoma na kuhesabu, mambo ya dawa watuachie wazazi," fundi cherehani alimwambia msusi aliyeketi naye kwenye basi. Hawakujuana, lakini foleni ya magari huunga undugu haraka.

"Kwani wamekukosea nini, dada?"

"Binti yangu yuko darasa la tatu. Juzi namnywesha mdogo wake mwenye homa dawa aliyoibakiza kaka yao, akanikatiza mbele ya mawifi: 'Mama, mwalimu kasema dawa ya mtu hapewi mwingine!' Wifi mkubwa akacheka mpaka akashika mbavu. Yai limfundishe kuku? Nikamfinya sikio, nikaendelea kumimina."

"Wa kwangu alinikataza kupima dawa kwa kijiko cha chai," msusi alisema. "Niliona haya, shoga yangu, ila nilikwenda kutafuta kile kikombe cha kupimia kilichokuja na dawa. Aibu haiui."

Fundi akajitia kutazama nje, ambako hakukuwa na la kutazama.

"Kwa hiyo unakwenda kumwona mwalimu?"

"Nikampashe!"

"Na mdogo, homa ilishuka?"

Fundi alikikumbatia kikapu chake chenye chupa ya maziwa na shuka safi. "Alivimba uso," alisema kwa sauti ndogo. "Leo ameanza kufumbua macho."

Basi likasimama. "Hospitali!" kondakta akaita. "Wa shuleni bado, kituo kinachofuata!"

Fundi akainuka. Msusi akakunja magoti kumpisha, akamshikia kikapu apite, na upole ule ukamchoma fundi kuliko kicheko cha wifi.