Zulia Lililolowa

Bajaji ilipotoka Zinga, baada ya shikamoo na marahaba, mama wa kulia kwangu alimwambia kijana wa kushoto, "Afadhali mwanangu, injini ya gari letu nzima." Hawakuwa wakijuana. Mimi nilikuwa katikati, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Kumbe gari la mumewe lilikuwa linachemsha mwezi mzima. Kila asubuhi maji yamepungua kwenye rejeta, na chini ya gari hakuna hata tone. Fundi akataka kufungua injini.

"Na zulia la upande wangu likawa linalowa. Mume wangu akasema ni mimi, napanda na miguu ya udhu."

"Kwani uongo, mama? Hukuwa unapanda nayo?"

"Nilikuwa. Lakini udhu una rangi ya kijani? Jana nimepangusa pale kwa leso, ikatoka kijani, inateleza, kama maji ya rejeta. Nikampelekea fundi. Kumbe inavuja hita, ile ya kupasha joto ndani ya gari."

Kijana akacheka. "Hita, Bagamoyo hii? Si fundi anaunganisha tu mipira ya maji, yasipite huko!"

"Ndivyo alivyofanya, alhamdulillahi. Ila baba watoto hajaniomba radhi."

"Furaha imemsahaulisha. Msamehe, mama."

"Furaha ya gari, siyo yangu."

Walikuwa bado wanabishana bajaji iliposimama gereji. Mumewe alikuwa amemfungulia mlango wa gari, anatabasamu, zulia limekauka. Mama akashuka, akajimiminia miguuni chupa nzima ya maji, akapanda bila kujifuta.

Adhuhuri ilikuwa bado sana.