Plagi Mfukoni mwa Kasimiro Dramadri

Wasikilizaji wapendwa wa Arua, wa Koboko na wa kote mnakotupata, sogezeni redio karibu. Mwenye mwiko mkononi auweke kidogo. Leo tunamkumbuka Kasimiro Dramadri, fundi wa Dadamu, aliyezikwa Jumatano iliyopita. Narudia: Kasimiro Dramadri wa Dadamu. Yule wa mashine ya majani. Yule ambaye ukimwambia ahesabu vidole vyake, anaishia tisa na nusu.

Hiyo nusu ndiyo mwanzo wa habari yetu.

Mwaka 1971 mashine ya kukata majani ilifika kwenye uwanja wa mpira wa Arua. Si ya kusukuma, ni ya kukalia. Ina usukani, ina kiti, na chini ya tumbo lake visu vinavyozunguka. Kasimiro, aliyezoea kufyeka kwa mkono, aliizunguka mara tatu kama anatafuta inapopumulia. Wiki ya pili alilala chini yake kutoa majani yaliyoganda kwenye visu. Mwenzake akapanda kitini kujipima ukubwa, akagusa ufunguo. Visu vilizunguka nusu duara tu. Nusu duara, wasikilizaji, na ncha ya kidole kidogo ikabaki uwanjani.

Tangu siku hiyo akajiwekea sheria. Kabla ya kuingiza mkono chini ya mashine, anazima injini, anaiacha ipoe, anang'oa plagi, ile inayotoa cheche, na kuitia mfuko wa shati. Bila plagi injini haiwaki, hata akae kitini nani. Jioni alienda nayo nyumbani. Na hakumpa mtu.

Sasa twende Koboko, mwaka 1974. Jumamosi saa kumi, Koboko ilikuwa iipokee timu ya Arua kwa mara ya kwanza. Mwamuzi alikuja kukagua, majani yakamfika magotini. Akasema, yasipokatwa, mchezo unarudi Arua. Hapo Sulaimani, mkuu wa kamati ya mchezo, alikuwa amekwisha kualika watu kuanzia Midia hadi Abuku. Akaomba mashine. Ijumaa asubuhi Kasimiro akafika nayo juu ya lori la Étienne, mfanyabiashara kutoka upande wa Kongo.

Mashine ikashushwa. Watu wakajaa. Kasimiro akaingiza vidole mfuko wa shati. Akaingiza mfuko wa suruali. Akarudi kwenye shati.

"Fundi, iko nini?" Sulaimani akauliza.

"Plagi."

"Iko wapi?"

"Kwa shati."

"Basi toa."

"Kwa shati ya jana."

Étienne akacheka mpaka akashikilia mlango wa lori. "Mimi nabeba chuma yote hii toka Arua, kumbe nabeba kiti tu."

Sulaimani hakucheka. Alikimbia kwenye pikipiki yake, akang'oa plagi ya huko na kuileta. Kasimiro akaigeuza mkononi, akaitamani, akairudisha.

"Hii iko refu, mzee. Itagonga pistoni ndani. Injini ikikufa, mimi hapana na ingine."

"Kesho watu wote watatazama mimi, hapana wewe."

"Watatazama majani."

Basi Étienne akageuza lori kwenda Dadamu kuitafuta. Na Kasimiro hakukaa. Alijua moyoni kwamba kosa ni lake, lakini alijua pia kwamba mashine isiyo na plagi haina meno. Akazuia magurudumu kwa mawe, akafungua visu. Akavinoa kwa tupa. Akapiga msumari kwenye mlingoti wa goli na kutundika kisu kwa tundu lake la katikati. Upande mmoja ukashuka. Akautia tupa tena, mpaka kisu kikatulia sawa, maana kisu kizito upande mmoja hutikisa mashine mpaka bolti zinalegea. Akapima upepo wa tairi, kushoto na kulia. Tairi moja ikilegea, uwanja unatoka kama kichwa kilichonyolewa na mlevi.

Kisha akawapanga watu mstari mmoja, wakatembea uwanja mzima kuokota. Waliokota mawe, kichwa cha jembe, kigingi cha mbuzi, na kiatu kimoja ambacho Sulaimani alikichukua haraka bila kueleza.

Jumamosi saa mbili asubuhi lori likarudi. Aliyeshuka kwanza ni Ayikoru, mkewe Kasimiro.

"Étienne aliomba plagi, mimi nakataa," akasema mbele ya umati wote. "Si ulisema hapana kupa mutu? Basi nimeleta mwenyewe, Baba Filda." Akafungua fundo la kitenge. "Nilifua shati ikagonga jiwe. Nikafikiri ni jino yako."

Plagi ikaingia. Injini ikawaka, na Koboko nzima ikapiga vigelegele. Sulaimani akatazama saa. "Kata, fundi."

"Breki kwanza."

Akawapeleka watu wote nyuma ya goli. Akaendesha polepole, visu vimezimwa, akakanyaga breki. Mashine haikusimama. Ilienda hatua tatu nzima, ikielekea pale pale walipokuwa wamejazana dakika moja kabla. Vigelegele vikakatika. Kasimiro akazima, akangoja ipoe, akang'oa plagi, mfukoni. Akakaza nati ya breki. Akajaribu tena: hatua moja. Akakaza tena. Mara ya tatu ilisimama papo hapo. Sulaimani hakutazama saa tena.

Saa nane uwanja ulikuwa umelala kama zulia. Saa kumi mpira ukachezwa. Koboko ilifungwa matatu bila, na Sulaimani alidai majani yalikatwa mafupi mno. Lakini mchezo ulikuwa Koboko, wasikilizaji. Koboko. Jumatatu yake, Ayikoru alishona kifungo kwenye mfuko wa kila shati la mumewe.

Homa ilimchukua Kasimiro wiki iliyopita, mwaka huu wa 1978. Siku ya pili baada ya mazishi, vibarua wa uwanja walifika Dadamu, kofia mikononi. Majani yanakua, mashine haiwaki, plagi haionekani. Mmoja akalitazama kaburi. Wote wakalitazama.

Ayikoru aliwaona. "Miaka saba mimi nafua mashati ile. Mnafikiri nitazika mume bila kuangalia mfuko?"

Akaitoa kwenye kopo la chumvi. Mikono minne ikanyooshwa. Akaipita yote, akampa Filda, binti yao, aliyenoa visu pamoja na baba yake miaka miwili.

"Mimi nilizaa wewe na vidole kumi," akamwambia. "Kila jioni nitahesabu."

Kwa Mama Filda, kwa Filda na kwa ukoo wote wa Dadamu, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: kile kinachoweza kumkata mwenzetu, tumekiacha tayari kuwaka, au tumekitia mfukoni na kufunga kifungo?

Jana mashine ilinguruma tena Arua. Filda alikata uwanja wote, akazima, akangoja, akang'oa plagi. Gauni lake lina mfuko mpya, wenye kifungo. Jioni mama yake alimshika mikono mlangoni, akahesabu taratibu.

Kumi.