Nionyeshe Doa: Tunamkumbuka Mwalimu Clotilda Kokubanza

Wasikilizaji wapendwa, mlio Bukoba mjini, mlio Muleba, na mlio kibanjani kwenye migomba mkaacha kazi kidogo ili mnisikilize, sogeeni karibu. Mimi ni Datius Mushumbusi. Leo tunamkumbuka Mwalimu Clotilda Kokubanza wa Kamachumu, aliyefariki Jumanne akiwa na umri wa miaka tisini na nne.

Nimeletewa karatasi ya kusoma. Inasema marehemu alikuwa mpole, mtiifu na mpenda kazi za mikono. Kazi za mikono, sawa. Hayo mengine sisomi. Mtu mtiifu hafukuzwi kazi. Mwalimu Clotilda alifukuzwa, mwaka 1954, enzi za Mwingereza, na hakuomba radhi hadi anakata roho.

Turudi nyuma. Mwaka 1952 Clotilda alitoka chuo cha ualimu akapangiwa shule moja ya wasichana huko huko Kamachumu. Wavulana walikuwa na yao jengo la pili, na wao walifundishwa sayansi. Wasichana walifundishwa kushona, kufuma na usafi. Clotilda aliomba naye afundishe sayansi. Akaambiwa mabinti hawaihitaji.

Usafi wenyewe ulikuwa na sheria yake. Gauni la shule lilikuwa la kitambaa cha amerikani, jeupe. Mlangoni Mwalimu Mkuu, Bwana Lameki, alibandika maneno matatu: Mwenye doa haingii.

Sasa wasikilizaji, nyinyi ni watu wa ndizi kama mimi. Utomvu wa ndizi ukigusa nguo nyeupe, umekwisha. Ufue, uanike, usugue na jiwe, hautoki. Na msichana wa Kamachumu alimenya ndizi kila siku kabla ya kwenda shule. Angekosaje doa? Shule iliwataka wasiwe watoto wa kwao. Mimi naona hivyo, na nasema hivyo.

Darasa la nne mwaka 1954 lilikuwa na wasichana thelathini na wanane. Kumi na mmoja walikuwa na madoa. Mmoja wao aliitwa Celina, mtoto wa mjane, mwenye gauni moja tu. Celina alikuwa amerudishwa nyumbani mara nne. Kila mara aliandikwa mtoro. Akirudishwa mara ya tano, asingefanya mtihani wa darasa la nne, na shule ingekuwa imeishia hapo. Kurudishwa mara moja tu zaidi, basi.

Ndipo Clotilda akaigeuza saa ya kazi za mikono. Alichana shuka lake la kitandani vipande vipande. Akawaambia wasichana walete maganda ya ndizi mbichi, wayachemshe kwenye chungu, watumbukize vitambaa. Chungu kikapasuka. Nusu ya maji wakaiokoa kwenye karai kuukuu lenye kutu, nusu wakaimimina kwenye chungu kingine.

Kesho yake vitambaa vya chunguni vilikuwa vya kahawia. Vya karaini vilikuwa vyeusi tititi. Maji yale yale. Maganda yale yale. Wakamuuliza mwalimu kwa nini. Mwalimu akasema hajui, watafute pamoja.

Celina, ambaye miaka baadaye aliolewa na kaka yake Clotilda akawa wifi yake, nimeongea naye juzi. Anaikumbuka siku ile vizuri.

"Nilinyoosha mkono. Nikasema kwa heshima, waitu mwalimu, nikimenya ndizi kisu kinakuwa cheusi. Kisu ni chuma, na karai ni chuma. Mwalimu akaniita mbele. Akanipa chaki, nikaandike ubaoni."

Wakajaribu. Vyungu viwili, maji ya maganda yale yale. Kimoja wakatia misumari yenye kutu, kingine hawakutia kitu. Chenye misumari kikatoa weusi. Kingine kikabaki kahawia. Wakarudia mara tatu, wakaandika kwenye madaftari yao ya kushonea, juu ya michoro ya vifungo. Kisha binti mmoja, akisugua mikono kwa limau ili utomvu utoke, akadondoshea tone kwenye kitambaa cheusi. Pale tone lilipoangukia pakapauka. Basi wakachonga vijiti, wakachovya kwenye limau, wakachora. Majani ya mbuni. Samaki wa ziwani. Vikapu. Hiyo, wasikilizaji wapendwa, ilikuwa sayansi, na ilikuwa sanaa, na hakuna aliyeweza kusema moja iliishia wapi.

Baada ya hapo ikaja habari kwamba Mzungu msimamizi wa shule atatembelea Ijumaa. Bwana Lameki akatangaza kuwa siku hiyo wote wenye madoa wabaki kwao, na wataandikwa watoro. Kwa Celina hiyo ndiyo ilikuwa mara ya tano.

Clotilda hakubishana. Aliwauliza wasichana kumi na mmoja kama wako tayari kuyatia magauni yao chunguni. Wakakubali. Wale ishirini na saba wenye magauni safi hakuwauliza. Jumatano asubuhi wote ishirini na saba walikuja wamevaa khanga, magauni mikononi, na mama zao nyuma wamebeba maganda.

Ijumaa ikafika. Wasichana thelathini na wanane wakajipanga mlangoni, wote na magauni meusi, kila mmoja na michoro yake. Bwana Lameki akafoka. Akaamuru warudi nyumbani wote. Clotilda akasimama mbele yake. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Akaonyesha yale maneno matatu mlangoni.

"Umesema mwenye doa haingii," akamwambia. "Nionyeshe doa."

Bwana Lameki akatazama mstari mzima, wa kwanza hadi wa mwisho. Doa hakuliona. Wakaingia. Wote thelathini na wanane wakaandikwa kuwa wapo, kwa wino, na Celina akafanya mtihani wake. Akafaulu.

Msidhani yule msimamizi alifurahi. Alisikiliza habari za chuma na maganda, akaandika kwamba mwalimu amefundisha yasiyo kwenye mtaala na ameharibu sare. Mwisho wa muhula Clotilda akafukuzwa. Mwaka uliofuata akaandikiwa barua: akiri kosa, atie sahihi, arudishwe kazini. Alijibu kwa kitambaa cheusi kilichoandikwa kwa limau. Maneno yake mnayajua. Nionyeshe doa.

Alihamia Bukoba mjini, akapanga chumba mtaa wa Bakoba. Fundi cherehani mmoja, Burhani, alimpa baraza na mabaki ya vitambaa. Watoto wakaja kujifunza, wa Bilele, wa Bakoba, Waislamu na Wakatoliki, wasichana na wavulana. Hakupata tena kazi ya serikali ile. Iliniuma kusikia hivyo, na bado inaniuma. Nilimuuliza Celina kama wifi yake alijuta. Akacheka.

"Alisema wao ndio wajute. Yeye alikuwa na vyungu vya kuangalia."

Kwa familia ya marehemu, kwa Bibi Celina, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu ampumzishe Mwalimu Clotilda Kokubanza. Nasi tuliobaki tufikiri. Leo mwanao akirudi na nguo iliyochafuka, kabla hujashika fimbo, muulize alikuwa anajaribu nini. Ukiona hujui jibu, sema hujui, mtafute pamoja.

Mazishi ni Jumamosi, Kamachumu, saa nane mchana. Kamati ya mazishi ilikuwa imetangaza waombolezaji wavae nguo nyeupe, safi. Celina amekataa. Juu ya jeneza litatandikwa gauni lake la shule, dogo, jeusi, lenye majani ya mbuni, ambalo amelitunza tangu mwaka 1954. Na amenituma niwaambie, ukitoka kumenya ndizi njoo na nguo uliyo nayo. Mwenye doa anaingia.