Mzee Gelle na Alama za Mikiani

Bw. Gelle Salah anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia maabara yetu ya mimea tiba hapa Waberi, Garissa, kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye karatasi ameandikwa mtunza wanyama wa majaribio. Wallahi, karatasi hiyo imempunja.

Alikuja kutoka Sangailu akiwa kijana wa mifugo, akaajiriwa kufagia. Mwezi wa tatu mtunza panya wa wakati huo aling'atwa kidole, akaaga na hakurudi. Gelle akapewa funguo. Kwenye kibanda cha chai walimcheka mpaka basi: mtu wa ngamia, mwana wa watu, leo anachunga panya! Yeye akamaliza chai yake, akawajibu kwamba hao wake angalau hawapotei msituni. Tangu siku hiyo hakuna asubuhi aliyoingia kwenye chumba kile bila kuwatolea panya salamu kamili, na aliyeingia naye alitakiwa kusubiri amalize.

Kwa msomaji asiyetujua, kazi yetu ni kupima kama mizizi, magome na majani wanayonyweshwa wagonjwa huku kwetu yanaweza kulinda ini lisiharibike. Panya hugawanywa kwa vizimba, na kila kizimba huwa na kadi inayoeleza wamepewa nini. Gelle hakuwahi kuziamini kadi. Kadi hulowa, alisema, na panya huzitafuna. Kwa hiyo alichora alama kwa wino kwenye mkia wa kila mmoja, kama ukoo unavyotia alama mifugo yake: mstari, mistari miwili, duara, mwezi mchanga. Mgeni mmoja kutoka Nairobi aliziona akacheka hadi miwani ikamwanguka. Mkuu wetu, Dkt. Kaaha, aliziacha tu, maana hazikumdhuru mtu. Ila hakuna aliyejishughulisha kuzisoma isipokuwa mwenyewe.

Sasa nifike mwaka 2017. Mwaka huo ulipimwa mzizi wa Anab, mama mzazi wa Gelle, ambaye sote humwita Ayeyo, yaani nyanya. Kwa miaka mingi watu wenye macho ya manjano walipanga foleni mlangoni pake. Kizimba cha kwanza kilipewa maji tu, cha pili sumu ya kuumiza ini, cha tatu sumu pamoja na dawa ya duka inayojulikana kulinda ini, na cha nne sumu pamoja na mzizi wa Ayeyo.

Matokeo yalipotoka tulibaki midomo wazi. Mzizi ulikuwa umeishinda dawa ya duka! Dawa yenyewe ilionekana haikufanya lolote, tukajiambia imeharibiwa na joto la Garissa. Mbuzi akachinjwa. Habari zikafika sokoni kabla ya jioni, na foleni kwa Ayeyo ikazunguka nyumba. Gelle alitembea kifua mbele wiki nzima, na nani angemlaumu?

Jumatatu iliyofuata alipeleka mizoga ya panya kwenye tanuri. Mfuko ulioandikwa mzizi ulikuwa na mikia ya mistari miwili, alama ya dawa ya duka. Akafungua ule wa dawa ya duka, akakuta mwezi mchanga, alama ya mzizi wa mama yake. Alikuwa peke yake. Tanuri lilikuwa linawaka, na baada ya dakika chache pasingebaki mkia wa kumbishia mtu. Gelle aliibeba mifuko yote miwili, akaiweka juu ya meza ya Dkt. Kaaha.

Kadi mbili zilibadilishana siku ya mwisho ya jaribio, Ijumaa, vizimba vilipooshwa. Aliyeosha ni mimi ninayeandika haya. Gelle aliijua zamu yangu vizuri, lakini kikaoni alisema tu kwamba kadi zimebadilika, na jina langu hajalitaja hadi leo. Basi nalitaja mwenyewe. Mzee, unisamehe.

Jaribio lilirudiwa mara mbili, na mara zote mbili jibu likawa lile lile. Mzizi haukulinda ini. Panya walioongezewa kipimo cha mzizi waliumia zaidi kuliko waliopewa sumu peke yake.

Dkt. Kaaha alijitolea kwenda kumwambia Ayeyo. Gelle akakataa, akasema hilo ni lake. Alikaa na mama yake tangu adhuhuri, chai ikapoa, akamweleza yote bila kupunguza kitu. Ayeyo aliuliza walitumia kikombe gani kupimia na panya wangapi walikufa. Alasiri aliinuka, akatoka nje akawaambia waliokuwa kwenye foleni waende hospitali, na anayeogopa, yeye mwenyewe Ayeyo atamsindikiza. Amewasindikiza wengi. Mwaka juzi macho ya mjukuu wake Iftin yalipogeuka manjano, Ayeyo ndiye aliyekuwa wa kwanza barabarani kusimamisha gari. Leo Iftin ni mzima, alhamdulillahi.

Siku hizi alama za Gelle zimo katika ukurasa wa kwanza wa mwongozo wetu wa kazi. Jani lililoletwa kutoka Banissa lilipolinda ini la panya, mara tatu mfululizo, tulisoma mikia kwanza ndipo tukashangilia. Utafiti wake unaendelea, na mgeni yule wa Nairobi aliandika kuomba michoro ya alama.

Ripoti ya mzizi imetundikwa mlangoni petu. Dkt. Kaaha alitaka kuliondoa jina la Ayeyo kwa heshima yake. Ayeyo alikataa katakata: mzizi ulikuwa wake, basi na jibu ni lake. Siku ya sherehe ya kumuaga Gelle atakaa mstari wa mbele, na tutajua mwanawe alijifunzia wapi.

Mzee Gelle, asante kwa miaka yote. Mungu akupe afya, akulindie mama, na mifugo yako ya Sangailu izidi. Chupa ya wino uliyonikabidhi ninayo, na panya wako hawajambo. Kila Ijumaa nasoma mkia kwanza, ndipo naisoma kadi.

Farhiya Abdiwahab, fundi wa maabara